Spika iliyovunja jiwe langu

Mlio wenyewe si mkubwa. Ukiambiwa utapigwa mawimbi ya mshtuko elfu tatu kwenye figo, unajiandaa kwa vita. Nilichosikia mimi ni tak. Halafu tak nyingine. Kama mteja aliyechoka kungoja anavyogonga kaunta kwa sarafu ya shilingi ishirini. Nilikuwa nimelala chali kwenye meza nyembamba, ubavu wa kulia umepakwa jeli baridi na kuegemezwa mto wa mpira uliojaa maji, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, naona haya kulisema, halikuwa dua. Nilijiuliza: humu ndani mna koili ya ohmu ngapi?

Mniwie radhi. Mimi ni fundi wa spika. Nina miaka 22 Luthuli Avenue, Nairobi, ghorofa ya pili, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Humo nimefufua amplifaya za makanisa, za misikiti, za maharusi, na za matatu ambazo beisi yake inatikisa vioo vya maduka. Sauti ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba jiwe langu litavunjwa kwa sauti, sikuogopa sana. Nilipatwa na wivu. Miaka yote hiyo nimevunja vitu kwa sauti kwa bahati mbaya tu, na kila mara nimelipa.

Maumivu yalinikuta siku ya tisa ya Ramadhani, nyumbani Umoja, wakati wa futari. Nilikuwa nimeshafungua kwa tende, nimekunywa uji, nanyoosha mkono kuchukua kaimati, nikahisi mtu amenichoma kwa nyuma, chini ya mbavu za kulia. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Maumivu yakazunguka ubavu, yakateremka mbele hadi kwenye kinena, yakatulia kidogo, yakalegea, kisha yakarudi na nguvu mpya. Mwenye malaria hujikunja akalala. Mwenye jiwe hana mkao: nilikaa, nikasimama, nikajilaza sakafuni, nikaegemea ukuta, nikapiga magoti kama anayeswali bila kujua kibla. Mke wangu alidhani ni kidole tumbo. Shangazi, aliyekuja kufuturu nasi kutoka Majengo alikonilea, akatoa hukumu kutoka pale pale alipokaa: “Saumu imemchoma mwanangu. Mpeni maziwa.” Maziwa yakaletwa. Niliyatapika yote.

Usiku ule nilipimwa mkojo, ukakutwa na damu ambayo macho hayakuiona. Sindano ya diklofenaki ikanirudishia akili. Kesho yake nikapigwa skani ya CT, ile isiyohitaji dawa ya kuchomwa mshipani, na daktari akanigeuzia skrini. Kidoa cheupe, cheupe kama jino, kwenye mfuko wa figo ya kulia, pale mkojo unapokusanyika kabla ya kuteremka. Milimita 11.

“Punje ya hindi,” nikasema.

“Punje ya hindi,” akakubali, “na mrija unaotoka figo kwenda kwenye kibofu una upana wa milimita tatu, nne.”

Nilimweleza hukumu ya shangazi. Daktari, mama mtaratibu anayeongea kama anayekusomea barua, hakuilaumu saumu. Aliniuliza ninavyokunywa maji ile miezi kumi na mmoja mingine. Hapo ndipo nilipokamatwa.

Jengo letu lina choo kimoja kwa kila ghorofa, na kila choo kina kufuli. Funguo anazo mlinzi, na mlinzi yuko chini mlangoni, akiwepo. Kushuka, kumtafuta, kupanda, kushuka tena kurudisha ufunguo: dakika kumi zimekwenda, na mteja wako ameshaingia kwa jirani. Vyoo vya kulipia vipo, ila vina foleni yake. Jioni unapanda gari la Umoja, mnakwama Landhies Road mpaka usahau ulikuwa unakwenda wapi, na hakuna dereva anayesimamisha gari kwa ajili ya kibofu cha mtu. Basi mwili hufunzwa. Kikombe cha chai asubuhi, soda moja saa kumi, imetosha. Hakuna fundi Luthuli asiyeijua hesabu hii. Tunaisema kwa utani, kwamba mtu akinunua maji ya chupa asubuhi basi leo hana kazi.

Daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Mkojo ni maji yaliyobeba chumvichumvi: kalsiamu, oksaleti, asidi ya yuriki na nyinginezo. Maji yakiwa mengi, zote husafiri zikiwa zimeyeyuka. Yakipungua, zinaanza kushikana, chembe kwa chembe, na chembe ikishapata mahali pa kukaa inajenga. Nikamwambia hilo nalijua, nimeona ule ukoko mweupe ndani ya birika letu, kwa sababu maji ya mfereji huja kwa mgao na siku nyingine tunanunua ya kisima kwa mitungi. Akatikisa kichwa. Ukoko wa birika haujahamia kwenye figo, akasema. Kisima usikisingizie. Kunywa kiasi cha kukufanya ukojoe lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku, halafu uone kama jiwe litapata nafasi ya kukua.

Lita mbili na nusu. Nikaipigia hesabu safari za kumtafuta mlinzi, nikanyamaza.

Njia zilikuwa nne. Ya kwanza ni kungoja, na hiyo ni ya mawe madogo. Yaliyo chini ya milimita tano mara nyingi hutoka yenyewe, kwa maumivu na subira. Ya pili ni kutobolewa tundu mgongoni hadi ndani ya figo, nayo ni ya mawe makubwa, yale ya sentimita mbili kwenda juu. Ya tatu ni leza, inayopelekwa kwa kijimrija chembamba kupitia njia ya mkojo, na kwa wanaume wenzangu sina haja ya kueleza kinaingilia wapi. Ya nne ni hii ya mawimbi.

Alinipima kama fundi anavyoipima spika kabla ya kupokea malipo ya awali. Ukubwa: chini ya sentimita mbili, sawa. Mahali: jiwe liko kwenye mfuko wa figo, si kwenye vile vijishimo vya chini vya figo viitwavyo vikombe, ambako vipande hubaki vimetuama kama mashapo. Ugumu: skani ya CT hutoa namba, yangu ilikuwa 780, na jiwe likizidi 1,000 huwa kaidi kwa mawimbi. Umbali kutoka kwenye ngozi hadi kwenye jiwe: sentimita tisa. Zikizidi kumi, nguvu hupotea njiani. Maana yake, kitambi changu kilikuwa kimebakiza sentimita moja tu kuninyima mashine. Je, natumia dawa za kuzuia damu kuganda? Hapana. Nina maambukizi kwenye mkojo? Hapana. Shinikizo la damu? Liko sawa. Nina mimba? Hilo hakuniuliza, lakini limo kwenye fomu. Wajawazito hawapigwi kabisa.

Nilimpenda kwa ukweli wake. Alisema leza inazidi kuyapokonya mawimbi kazi duniani, kwa sababu mara nyingi humaliza jiwe kwa mkupuo mmoja, na mawimbi huenda yakahitaji kurudiwa. Lakini leza inataka ulazwe usingizi, na mara nyingi unaachiwa mrija ndani kwa siku kadhaa. Kwa mawimbi unaingia asubuhi, unatoka mchana. Mimi nina duka la mtu mmoja. Nikachagua mchana.

Kuchagua ni rahisi. Hospitali ya kwanza niliyoelekezwa, sitaitaja, mashine yao ilikuwa imeharibika. Njoo Alhamisi. Nikaja Alhamisi. Njoo Alhamisi ijayo, fundi anatoka nje ya nchi. Nilikwenda Alhamisi tatu, na ya tatu nikajikuta namuuliza karani ni sehemu gani iliyoharibika, kama ni upande wa umeme huenda nikasaidia. Alinitazama kwa huruma wanayotazamwa nayo wagonjwa waliochanganyikiwa. Ramadhani ikaisha, nikiwa nimekula siku nyingi ambazo bado nadaiwa, Mfungo Mosi ukaisha pia. Katika kungoja huko nililetewa unga wa mizizi kwenye chupa ya soda, wa “kuyeyusha mawe”. Nilimpelekea daktari chupa. Akaniambia yapo kweli mawe yanayoyeyuka kwa dawa, yale ya asidi ya yuriki, mkojo ukipunguzwa ukali wake. Ya oksaleti ya kalsiamu, ambayo ndiyo mengi kuliko yote, hayayeyuki, si kwa mizizi wala kwa sindano. Ilinibidi nimwambie jirani aliyeniletea kwamba dawa imenisaidia sana. Ningefanyaje?

Wakati wa kungoja nilisoma, na nilichokikuta kilinifurahisha kuliko ilivyompasa mgonjwa. Habari hii inaanzia kwenye ndege. Huko Ujerumani, kampuni ya Dornier iliyokuwa ikiunda ndege ilikuwa inachunguza kwa nini ndege inayoruka kwa kasi kuliko sauti ikikutana na mvua hutobokatoboka. Tone la maji tu. Kwa kasi ile tone hupiga bati kama risasi na kupeleka wimbi la mshtuko ndani ya chuma, na uharibifu huweza kutokea mbali na pale tone lilipogusa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1966 mhandisi mmoja alikuwa ameshika bamba la majaribio pale pale lilipopigwa, akahisi kama ameshikwa na umeme. Wakapima. Umeme haukuwepo. Kilichompitia mkononi ni wimbi, na halikumwachia hata alama.

Mimi nimeshikwa na umeme mara nyingi na sijawahi kugundua kitu, isipokuwa kwamba fyuzi ya mwenye nyumba ni mbovu.

Wahandisi wale wakakutana na madaktari wa Munich, akiwemo Christian Chaussy na mkuu wake Egbert Schmiedt. Swali likawa: kama wimbi hupita mwilini bila kuuumiza, je, likikusanywa mahali pamoja haliwezi kuvunja kitu kigumu kilichomo ndani? Walijaribu kwenye maabara, wakajaribu kwa mbwa, na tarehe 7 Februari 1980 wakampiga mtu wa kwanza. Mashine ya enzi hizo ilikuwa kituko. Mgonjwa alilazwa usingizi, akaning'inizwa kwenye kiti na kuteremshwa ndani ya hodhi la maji ya vuguvugu hadi kifuani. Chini ya maji kulikuwa na bakuli la chuma lenye umbo la nusu yai, na ndani yake plagi inayotoa cheche, ndugu wa ile ya gari. Umbo la yai lina siri yake: lina vitovu viwili, na sauti ikilia kwenye kimoja, kuta zote huirudisha ikutane kwenye cha pili. Cheche inalipuka kwenye kitovu cha kwanza. Jiwe linawekwa kwenye cha pili, kwa kumsogeza mwenye nalo. Na kwa kuwa waliogopa mshtuko usivuruge mapigo ya moyo, cheche ilifungwa kwenye mashine ya moyo, ikawa inalipuka kwa zamu ya pigo. Hebu fikirieni: mgonjwa mwenyewe, kwa moyo wake, ndiye aliyekuwa akipiga ngoma. Mwishoni mwa mwaka 1984 Marekani nayo ikaipitisha mashine hiyo itumike. Kabla yake, kwa wagonjwa wengi jiwe lililokataa kutoka lilimaanisha kupasuliwa ubavu.

Hospitali niliyopata hatimaye iko upande wa Upper Hill, na haikuwa na hodhi. Kulikuwa na meza, mkono wa eksirei uliopinda kama mundu, na chini ya meza kichwa cha mashine chenye ule mto wa maji. Rediografa alikuwa kijana mchangamfu. Nilipomuuliza kama humo mna plagi, akatabasamu.

“Hapana mzee. Hii ni ya sumaku. Kuna koili, na mbele ya koili kuna kiwambo cha chuma. Tukipitisha umeme, kiwambo kinarushwa mbele. Halafu kuna lenzi inayolikusanya wimbi.”

“Hiyo ni spika,” nikasema.

“Kama spika.”

“Si kama. Koili, sumaku, kiwambo. Hiyo ni spika.”

Akakubali kwamba ni spika. Nikajilaza kwa raha zaidi, ingawa neno “mzee” lilibaki kwenye koo. Nina miaka 44.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili ndilo eneo langu. Sauti hupita vizuri kutoka kitu kimoja kwenda kingine vikiwa vinafanana namna ya kuibeba. Sisi mafundi tuna ugomvi huo kila siku: amplifaya ya ohmu nane ukiifungia spika isiyolingana nayo, nguvu haifiki ulikotaka, na siku mbaya hurudi kama moshi. Mwili ni maji kwa sehemu kubwa, na sauti hukimbia ndani ya nyama karibu sawa na ndani ya maji, yapata mita 1,500 kwa sekunde. Ndiyo maana wimbi linatoka kwenye mto wa maji, linapita kwenye ngozi, mafuta na msuli bila kugundua kwamba limevuka mpaka. Likifika kwenye jiwe linakuta dunia nyingine, nzito na ngumu. Hapo ndipo linapomwaga mzigo wake. Na si mzigo mdogo: kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kuwazika, shinikizo kwenye kitovu kile hupanda hadi mara mamia ya lile la hewa tunayovuta, kisha linageuka kuwa mvuto. Sehemu ya wimbi hupenya, ikagonga mgongo wa jiwe kwa ndani na kurudi ikivuta. Jiwe huvumilia kubanwa. Kuvutwa halikuvumilii. Pembeni yake vipovu vidogo huzaliwa kwenye mkojo na kupasuka papo hapo, kila kimoja kikilichimba jiwe kwa sindano yake ya maji.

Adui wa haya yote ni hewa. Kati ya hewa na maji tofauti ni kubwa mno, karibu sauti yote hugonga ikarudi. Ndiyo maana waliopiga mbizi hawakusikii vizuri ukiwaita. Kiputo kimoja cha hewa kwenye jeli ni kama kuweka sahani mbele ya spika. Nilimwona sista akiimwaga ile jeli kwa wingi, kisha akaipitisha kiganja chake polepole kutoka katikati kwenda nje, akainama kuangalia, akapitisha tena. Nilitamani kumshika mkono wa heri. Nimefanya kazi na vijana waliosomea sauti chuoni ambao hawana uangalifu ule.

Nilichomwa dawa ya maumivu, sikulazwa usingizi. Kijana akaanza na nguvu ya chini kabisa. Nikajua sababu kabla hajaniambia, maana hata mimi siifungui amplifaya kwa sauti ya mwisho. Sababu ya kwao ni nzito kuliko yangu: figo ikianza kwa mapigo mepesi, mishipa yake ya damu hujikaza na madhara ya baadaye yanapungua. Akapandisha ngazi moja moja. Ya kwanza sikuisikia. Ya nne ilikuwa kama raba iliyovutwa na kuachiwa kwenye ngozi. Ya saba iligonga ubavu kwa ndani, mahali ambapo hapajawahi kugongwa na mtu.

Mwendo ulikuwa tak moja kwa sekunde. Nikamuuliza kama haiwezi kukimbia, akasema inaweza, hata mara mbili ya hapo, ila jiwe huvunjika vizuri zaidi ukienda taratibu. Vile vipovu vikipewa muda hutoweka. Ukiharakisha, wimbi jipya linakuta vya zamani vimebaki njiani na vinalipunguzia nguvu. Elfu tatu, sitini kwa dakika: dakika hamsini. Nilihesabu hadi mia sita na arobaini nikapotea. Kila baada ya muda anasimamisha, anapiga picha, anasogeza meza kwa milimita. Figo haitulii, inapanda na kushuka na pumzi, na pigo linalokosa jiwe linaiangukia figo yenyewe. “Pumua kidogo kidogo, mzee.” Nilipumua kama mwizi chini ya kitanda.

Kwenye picha ya mwisho kile kidoa cheupe hakikuwa tena jino. Kilikuwa wingu.

Nilitoka pale nikiwa na duara jekundu ubavuni kama aliyekandwa kwa chupa ya moto, na mkojo wa kwanza ulikuwa na rangi ya sharubati ya zambarau. Nilikuwa nimeonywa. Damu ya siku moja mbili ni kawaida. Homa au baridi la kutetemeka si kawaida, na hiyo ni kurudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu maambukizi yaliyozibwa nyuma ya jiwe huua haraka. Na ninywe maji. Na nichuje.

Nina ugomvi na yale mabango ya “tiba bila kisu”. Kisu hakipo, kweli. Lakini msomaji hudhani jiwe limetoweka, limegeuka mvuke. Mashine imelivunja tu, na kulitoa ni kazi yako. Kila chembe itapita kwenye ule mrija wa milimita tatu, nne, na dereva wake ni maji unayokunywa. Niliambiwa hilo mara mbili na nikaliitikia mara mbili.

Kuchuja nako kuna heshima yake. Nilichukua chujio la chai jikoni. Mke wangu hakusema neno. Kesho yake nilikuta amenunua chujio jipya, na lile la zamani amelifunga uzi mwekundu kwenye mpini na kulitundika chooni, juu kabisa, wageni wasilione. Siku ya pili asubuhi nilisikia kitu kama mchanga ukigusa waya. Nikaenda nalo dirishani. Chembe tano, sita, rangi ya sukari guru, moja ina kona kali kama kioo kilichovunjika. Nikamwita. Akaja, akatazama, akasema: “Hivi ndivyo vilivyokuliza?” Akarudi kukanda chapati.

Siku ya tatu nikafungua duka. Kulikuwa na amplifaya ya watu iliyotakiwa Ijumaa. Nikaagiza chai moja asubuhi. Saa nne nikawa na kiu, nikamfikiria mlinzi, nikaendelea kusolda. Saa kumi nikanywa soda. Hivyo hivyo siku ya nne, ya tano, ya sita.

Siku ya saba usiku maumivu yalirudi, yakapita njia ile ile, kana kwamba yana ramani. Kwenye eksirei ya asubuhi daktari alinionyesha mstari wa vidoa, kimoja nyuma ya kingine, vimejipanga sehemu ya chini ya mrija, karibu na kibofu. Cha mbele kikubwa kidogo kimekwama na vyote vya nyuma yake vimesimama. Wajerumani walishalipa jambo hili jina na madaktari wote wanalitumia: Steinstrasse, barabara ya mawe. Mimi niliiona Landhies Road saa kumi na mbili jioni, lori limeharibika mbele na matatu zote zinapiga honi.

“Umekuwa ukinywa kiasi gani?” akauliza. Nilimwambia ukweli. Hakunikaripia, na kwa mtu mzima hiyo ni mbaya kuliko kukaripiwa. Kwa kuwa sikuwa na homa na figo haikuwa imevimba sana, tulikubaliana kungoja: tamsulosini ya kulegeza mrija, dawa ya maumivu, maji, na nikizidiwa ataingia na leza kulivuta lori. Nilikaa nyumbani siku nne na dumu la lita tano miguuni. Usiku wa nne, saa nane, kitu kilinichoma mahali ambapo sitapaeleza, kikalia ting kwenye chujio. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Baada yake, mchanga, mchanga, mchanga.

Vipande vilipelekwa maabara kwenye kichupa. Oksaleti ya kalsiamu, kama ilivyotarajiwa. Nikapewa maelekezo ya chakula ambayo shangazi ameyapinga karibu yote. Nipunguze chumvi, nyama isiwe ya kila siku, nduma na mchicha na spinachi vije kwa kiasi. Sukuma wiki haina kosa. Maziwa nisiyaache, maana kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye damu. Hilo la maziwa ndilo pekee alilolipokea, akasema si alisema tangu ile futari. Ndimu kwenye maji ni nzuri. Picha ya miezi mitatu baadaye ilionyesha punje moja ya milimita tatu imebaki kwenye kikombe cha chini cha figo, imetulia. Daktari anasema tutaitazama mwaka hadi mwaka.

Mlinzi wa jengo tulikaa naye kikao. Alikataa mara mbili, akisema wote watataka. Mara ya tatu nilimtengenezea redio yake bure, nikabadilisha na koni ya spika iliyokuwa imechanika, na siku ile ile jioni akanikabidhi ufunguo, niende nikachongeshe mwingine. Unaning'inia kwenye msumari juu ya meza yangu, kando ya mita ya kupimia umeme. Jirani wa chumba cha pili amekuwa akija kuuazima tangu juzi. Anaingia akiwa ameshika chupa ya maji, anauchukua bila kunitazama usoni, na akiurudisha anauliza, kwa sauti ya chini, ile kuchomwa huanzia wapi hasa.